Nikon 1

Nikon 1 ni jina la kamera za kidijitali zisizo na kioo, zinazobadilishwa lenzi, ambazo kampuni ya Nikon ya Japani ilizitangaza Septemba 2011 kwa kuanza na modeli mbili, J1 na V1. Panasonic ilikuwa imeshatangulia kwa G1 mwaka 2008, ikafuatiwa na Sony kwa NEX mwaka 2010.

Nikon iliingia soko hilo huku ikilinda DSLR zake, yaani kamera zake zenye kioo, na lenzi za mfumo wa F, uliokuwepo tangu 1959. Kihisi cha Nikon 1 kilikuwa na milimita 13.2 kwa 8.8 tu, chini ya theluthi ya eneo la kihisi cha DSLR zake za bei nafuu, hivyo mnunuzi wa DSLR hakuwa na sababu kubwa ya kuhama. Kwa kasi, kamera hizi zilistahili sifa: V1 ilipiga picha 10 kwa sekunde huku ikifuata fokasi. Adapta ya FT1 ilipokea lenzi za F, lakini lenzi ya milimita 50 ilibana mandhari kama ya 135, na kwenye mwanga hafifu picha zilichafuka mapema.

Tahadhari hiyo iliigharimu Nikon muda wa thamani. Mwaka 2013 Sony ilitoa A7 yenye kihisi cha fremu nzima. Nikon ilijibu Agosti 2018 kwa Z 7 na Z 6, pamoja na adapta ya FTZ kwa wenye lenzi za F. Mwaka huohuo ilisitisha Nikon 1.