Saa za Mitume na Saa za Waswahili

Msomaji wa Kiingereza akikuta saa ya tatu katika Matendo ya Mitume, hana budi kupiga hesabu kabla ya kufahamu kuwa ni asubuhi, jua limekwisha panda. Mswahili hahesabu: kwake saa tatu ni saa tatu. Petro alipanda darini kusali saa sita, na aijuaye dari ya Unguja au ya Lamu wakati huo hahitaji mfasiri wa kumweleza joto lake. Saa tisa Petro huyo huyo pamoja na Yohana walikwenda hekaluni. Hesabu ya mitume ilianza jua linapochomoza, kama hesabu ya pwani ilivyo hadi leo.

Ulaya yenyewe iliipoteza. Neno noon, ambalo kwa Kiingereza ni adhuhuri, latokana na nona ya Kilatini, yaani saa ya tisa. Katika Zama za Kati sala ya saa hiyo ilivutwa nyuma kidogo kidogo hata ikaangukia saa sita. Wapo wasemao kuwa sababu ilikuwa njaa, kwa kuwa siku za saumu watawa hawakula mpaka sala ile imekwisha. Na hawakosi hoja, maana hata Petro pale darini aliona njaa.

Wakristo wa mwanzo hawakuwa na kengele wala vitabu vya sala. Didache, mwongozo mdogo wa kale ambao nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873, wawaagiza waamini wasali Sala ya Bwana mara tatu kila siku. Hakuna zaidi. Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini aliyeandika yapata mwaka 200, azichukulia sala za alfajiri na za jioni kuwa wajibu, kisha azitaja saa tatu, saa sita na saa tisa kama vituo vifaavyo kumwondoa mtu shughulini. Alimjua mwanadamu: asiyewekewa saa husema atasali baadaye, na baadaye haina mwisho.

Watawa wakaongeza. Benedict wa Italia, katika kanuni yake ya karne ya 6, aliweka sala saba mchana na moja usiku. Utaratibu huo wafaa kwa asiye na mke wala jembe. Mwaka 1549 Thomas Cranmer wa Uingereza alizikusanya zote zikawa mbili, ya asubuhi na ya jioni, akazigawa Zaburi zote 150 katika siku 30. Vitabu vya awali alivilaumu kwamba mtu alipoteza muda mwingi akitafuta la kusoma kuliko akilisoma.

Utaratibu huo wa sala mbili ndio uliofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na Edward Steere. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliookolewa utumwani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa pale pale. Steere, aliyezikwa nyuma ya altare yake mwaka 1882, alizifasiri sala kwa maneno ambayo mji uliyajua tayari: sala, toba, dhambi, Zaburi. Jirani Mwislamu aliyepita nje hakuhitaji kuuliza Zaburi ni nini, wala Daudi ni nani.

Lakini ipo shaka isiyofaa kufichwa. Wale waliokaa ndani ya misheni walikuwa wametoka mikononi mwa watu waliowapangia saa ya kuamka na saa ya kulala. Sasa kengele ya mzungu iliwapangia tena. Je, huo ulikuwa uhuru? Aonaye kwamba mazoea yaliyoanzishwa kwa kengele hayawezi kuwa ya mtu mwenyewe hajakosea kabisa. Ila hukumu haitolewi Mkunazini, mbele ya askofu. Yatafutwe mbali.

Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa utotoni, akasomeshwa na misheni Unguja, alipelekwa Chitangali, bara ya kusini, mwaka 1886, akapewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata. Alikaa huko hadi mwaka 1897. Kanuni ya kitabu cha sala cha mwaka 1662 yamtaka kasisi asome sala ya asubuhi na ya jioni kila siku, na kengele ipigwe ili watu waje. Chitangali hapakuwa na mzungu wa kumpigia. Mwenye kengele alikuwa yeye.

Na alichosoma hakukichagua. Wapenzi wa mashairi huenda wakaijua Zaburi ya 119: beti 22, kila ubeti aya nane, na kwa Kiebrania kila ubeti washika herufi yake kwa mpangilio wa abjadi, mtindo ambao malenga wa pwani nao waliuchezea kwa alifu na be. Yaanza jioni ya tarehe 24 na kwisha jioni ya tarehe 26. Kwa mujibu wa kanuni ile, jioni ya tarehe 24 ya mwezi wowote Chitangali na Mkunazini zilikuwa ukurasa mmoja.