Kaseti ya michezo 9999999: nakala iliyofika Butembo na Beni kabla ya mchezo wenyewe

BUTEMBO – Kwenye kikaratasi chake paliandikwa 9999999. Karibu michezo milioni kumi, yote ndani ya kaseti moja ya plastiki inayoenea kwenye kiganja. Mtu aliyekulia Butembo, Beni au Lubero katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, na aliyebahatika kuketi mbele ya televisheni ya jirani mwenye jenereta, anaikumbuka kaseti ya namna hiyo, na anaukumbuka pia uongo wake. Michezo halisi iliyokuwemo ilikuwa michache tu. Iliyobaki ilikuwa ile ile, imepewa majina mengine: huku unaanzia ngazi ya kwanza, kule unaanzia ya tatu, pengine unapewa maisha mengi zaidi. Watoto waliipekua orodha mpaka vidole vikauma, wakitafuta mchezo ambao haukuwemo.

Uongo huo una historia, nayo inafika mbali. Hapo mwanzo mashine za michezo za nyumbani kwa kawaida zilikuja na michezo yake imefungwa ndani. Ukiichoka michezo, umeichoka mashine yote. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani iliuza Channel F, mashine ya kwanza ya nyumbani iliyosoma mchezo kutoka kwenye kaseti yenye chipu ya kumbukumbu. Wazo lilikuwa limeanzia kwenye kampuni nyingine ndogo, lakini mhandisi aliyeongoza kazi ya kuligeuza kuwa bidhaa ya dukani alikuwa Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940. Ujanani alikuwa akitengeneza televisheni za watu, na nyumbani kwao alijijengea kituo chake kidogo cha redio. Mafundi wa redio wa Butembo wangemtambua kama mwenzao.

Kisha wakaja Wajapani. Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo iliuza mashine iliyoitwa Famicom. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1985 ilibadilishwa sura na kuitwa NES, na ndani yake ikatiwa kitu kipya: chipu ndogo ya kufuli. Kaseti isiyo na chipu inayolingana na hiyo, mashine iliikataa. Kaseti ya Marekani ilikuwa na meno 72, ile ya Japani meno 60, na mashine ya Japani haikuwa na kufuli lolote. Ndiyo maana wanakili wa Taiwan na Hong Kong hawakuhangaika na NES. Walichukua Famicom, mlango ambao tayari ulikuwa wazi, na kila nakala iliyofika Afrika ilizaliwa na mashine hiyo ya Japani.

Nakala zilienda kila mahali na kila mahali zikapewa jina. Urusi ilizijua kwa jina la Dendy tangu 1992. Poland ilikuwa na Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Kwa watoto wengi jina la kwenye sanduku halikuwa na maana: mashine yoyote ya michezo iliitwa Nintendo, au Sega, kufuatana na ya kwanza waliyoisikia. Katika nchi hizo nyingi Nintendo yenyewe haikuwa na duka wala wakala. Nakala haikuchukua nafasi ya kitu halisi, kwa sababu kitu halisi hakikuwepo.

Kwa Butembo njia yake haihitaji kutafutwa sana. Wafanyabiashara wa Kinande, walioanza na mboga, maharage, kahawa na dhahabu, walikuwa tangu miaka ya 1980 na 1990 wakisafiri wenyewe hadi Dubai, halafu Hong Kong na miji ya China kama Guangzhou. Shehena ilishuka Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda, ikaingilia Kasindi, ikapita Beni na kupanda mpaka Butembo. Ilibeba vitenge, pikipiki, redio, betri, taa na vyombo vya plastiki. Serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali, barabara zilikuwa mbovu, benki hazikuwepo. Watu waliishi kwa kile Wakongo wanachokiita Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie. Katika biashara ya namna hiyo hakuna aliyeuliza kama kifaa ni halisi au ni nakala. Waliuliza bei, na kama kinawaka.

Hata kuwaka kulikuwa na mashaka yake. Nakala nyingi zilitoa picha kwa mfumo wa PAL, wakati Zaire ilifuata mfumo wa Kifaransa wa SECAM. Televisheni iliyojua SECAM peke yake iliionyesha picha ya PAL bila rangi, Mario wa kijivu akiruka juu ya bomba la kijivu. Na mchezo ulipokataa kuanza, kila mtoto alijua dawa: chomoa kaseti, ipulize kwa nguvu, irudishe. Dawa hiyo haikuwa dawa. Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha, meno yakashikana upya. Pumzi ilileta unyevu tu, na unyevu huota kutu taratibu. Nintendo yenyewe iliwaonya wateja wake wasipulize.

Aliyewahi kuifungua kaseti ya bei nafuu alikutana na ubao mdogo wa kijani, na katikati yake tone jeusi lililokauka kama lami. Chini ya tone hilo ndimo ilimo chipu, imebandikwa uchi juu ya ubao na kufunikwa. Ni njia rahisi sana ya kutengeneza, kwa maana haihitaji hata nyumba ya chipu. Lakini fundi hana la kufanya mbele yake. Chipu haing'oki, haibadilishiki, haina namba ya kusoma. Ikifa, kaseti imekufa. Baadaye hata mashine yenyewe ilitengenezwa hivyo hivyo, mashine nzima ndani ya tone moja.

Hapo ndipo inapoanzia habari ya kaseti za kutengenezwa kwa mkono, kazi ambayo leo inafanywa na wapenzi wa mashine za zamani katika nchi nyingi. Msingi wake ni chipu inayoitwa EPROM, iliyobuniwa na Dov Frohman katika kampuni ya Intel mwaka 1971. Chipu ya kiwandani huandikwa mara moja wakati wa kutengenezwa, na maandishi yake hayabadiliki tena. EPROM ina kidirisha cha kioo mgongoni. Ukiiweka chini ya taa ya mwanga wa urujuani, aina ile ile inayoua vijidudu hospitalini, baada ya dakika 15 au 20 inakuwa tupu na inaweza kuandikwa upya. Kidirisha lazima kizibwe kwa kikaratasi kisichopitisha mwanga, kwa sababu jua kali linaweza kuifuta kwa muda wa wiki moja tu, na taa nyeupe za ofisini kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Mchezo wenyewe ni mdogo kuliko mtu anavyodhani. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani, ina kilobaiti 40 tu. Thelathini na mbili ni maagizo ya mchezo, nane ni picha. Picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo inaweza kuwa na uzito wa michezo kama hiyo mia moja. Kwa hiyo fundi anahitaji chipu mbili: moja ya kilobaiti 32 kwa ajili ya maagizo, nyingine ya kilobaiti 8 kwa ajili ya picha. Anatafuta kaseti ya zamani isiyo na thamani, ile yenye chipu za miguu, si ya tone. Anazilainisha lehemu za chipu za kiwandani kwa moto na kuzitoa bila kuchubua njia za shaba. Chipu mpya anaziandika kwa kifaa kilichounganishwa na kompyuta. Aina za zamani hutaka volti 12 na nusu wakati wa kuandikwa, ingawa ndani ya mashine zinafanya kazi kwa volti 5. Mara nyingine mguu mmoja au miwili haulingani na ubao, basi unainuliwa na kuunganishwa kwa waya mwembamba. Mwisho meno husuguliwa kwa alkoholi na kaseti kufungwa.

Hakuna hatua hapo inayoweza kumtisha fundi wa redio wa Butembo au Beni. Chuma cha kuchomelea anacho. Subira anayo, kwa maana anafungua simu ndogo kuliko kaseti kila siku. Anachokosa ni kifaa cha kuandikia chipu, pamoja na umeme usiokatika katikati ya kazi.

Duniani kazi hii ilisukumwa na jambo ambalo watu wa Kivu wanalielewa vizuri, lugha. Michezo mingi ilibaki Japani kwa Kijapani tu. Kuanzia miaka ya 1990 wapenzi wa michezo walianza kuifungua mafaili yake, kutafsiri maneno na kuyarudisha ndani, bila malipo. Tafsiri ya Mother 3, mchezo wa Japani wa mwaka 2006 ambao Nintendo haikuutoa kwa Kiingereza, ilikamilishwa na kundi la wapenzi mwaka 2008. Aliyetaka kuucheza mchezo wa namna hiyo kwenye mashine halisi badala ya kompyuta alilazimika kutengeneza kaseti yake. Baadaye zikaja kaseti zinazopokea kadi ya kumbukumbu kama ya simu na kubeba michezo mingi kwa pamoja. Zinazojulikana zaidi, EverDrive, ni kazi ya mhandisi wa Ukraine. Ile ahadi ya michezo lukuki ndani ya kaseti moja ikatimia hatimaye, miaka mingi baada ya kikaratasi cha 9999999.

Msikilizaji atauliza kama haya si wizi. Swali ni la haki. Kongo ina sheria ya haki za watunzi, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyotiwa sahihi wakati wa Mobutu, na michezo ya Nintendo bado ina mwenyewe. Kutengeneza nakala na kuiuza ni kuuza kazi ya mwingine. Kuna pia udanganyifu mwingine mbaya zaidi: baadhi ya kaseti za zamani zinauzwa mamia ya dola huko Ulaya na Marekani, na walaghai hubandika kikaratasi kizuri juu ya nakala na kuiita halisi. Lakini mkono ule ule unaweza kufanya kazi safi. Wapo watu wanaotunga michezo mipya kabisa kwa mashine hizo za zamani. Micro Mages, uliotoka mwaka 2019, uliingizwa wote ndani ya kilobaiti 40 zile zile za Mario. Mchezo wenye maneno ya Kiswahili au Kinande ungeingia humo bila shida. Herufi kwenye mashine hiyo ni mraba wa nukta nane kwa nane tu, na Kiswahili hakihitaji herufi ya ajabu.

Upande wa Kivu ya Kaskazini historia hii ilikatika mara nyingi. Mwishoni mwa 1996 askari wa Mobutu waliokuwa wakirudi nyuma walipora miji waliyopitia, na televisheni ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubebwa. Ikaja vita ya 1998. Halafu, tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni, na mwaka 2024 mapigano yaliyofika Kanyabayonga na kuwasukuma maelfu ya watu kuelekea Lubero na Butembo. Familia inayokimbia usiku inachukua mtoto, godoro, sufuria, simu. Mashine ya michezo inabaki juu ya kabati na nyumba inabaki na yeyote atakayeingia. Fundi anayehama anaweza kuacha meza yake, lakini chuma cha kuchomelea na bisibisi zinaenea kwenye mkoba, na mara nyingi ndizo zinazompa chakula cha kwanza pale anapofika.

Kwa watoto waliocheza kabla ya kukimbia kulikuwa na hasara nyingine ndogo, ambayo watu wazima hawakuihesabu. Mwaka 1987, The Legend of Zelda ilipouzwa Marekani, kaseti yake ilitiwa betri bapa kama ya saa, iliyolinda kumbukumbu ya jina la mchezaji na mahali alipofika. Betri hiyo hudumu miaka 10 hadi 20. Ikiisha, majina yote yanafutika kwa pamoja, na fundi anayetaka kuibadilisha bila kuyapoteza lazima aendelee kuilisha chipu umeme kutoka kwingine wakati anachomelea mpya. Kaseti za bei nafuu hazikuwa na betri hata hiyo. Jenereta ilipoishiwa mafuta saa mbili usiku, mchezaji aliyefika ngazi ya saba alirudishwa ya kwanza. Anayetengeneza kaseti yake mwenyewe leo anaweza kuweka chipu ya aina nyingine, FRAM, inayohifadhi bila betri yoyote. Umeme ukikatika na kurudi baada ya siku tatu, au baada ya safari, mtoto anaanzia pale pale alipoachia.