Kichwa cha Dishi: Antena na Kichanganyi cha Masafa Ndani ya Boksi Moja

Ndugu zetu wa Pwani waliohamia Kitengela na Kajiado huniuliza: chaneli zikipotea, ninunue dishi jipya? Mimi huwaambia tuanze na kile kichwa kidogo kilichoshikwa na mkono wa dishi, ambacho mafundi hukiita LNB.

Sahani ni kama kioo tu, hukusanya mawimbi na kuyaelekeza kichwani. Mdomo wa kichwa ndio antena. Nyuma yake, ndani ya boksi hilo hilo, mna kikuza mawimbi na kichanganyi cha masafa. Mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa na gigahezi 10.7 hadi 12.75. Masafa ya juu hivyo hufifia upesi mno kwenye waya wa kawaida. Kwa hiyo huchanganywa pale pale na masafa yanayozalishwa ndani ya kichwa, gigahezi 9.75 au 10.6, na waya huteremsha tofauti yake. Kwa mfano, megahezi 11,900 toa 10,600, hubaki 1,300.

Dekoda hutuma amri kwa waya huo huo: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 kuchagua 10.6.

Basi ukijua hayo, ugonjwa hujionyesha. Zikipotea chaneli za juu ya megahezi 11,700 peke yake, usiilaumu sahani. Shuku kichwa, au mlio usiofika. Zikipotea za mlalo peke yake, huenda volti 18 hazifiki, kagua waya na viungo. Zikidhoofika zote baada ya upepo, pengine dishi limesogea.

Huku kwetu setilaiti za nyuzi 36 mashariki ziko karibu utosini. Kichwa huinamia sahani, mgongo wake ukapigwa na mvua, na maji hupenya kwenye kiungo cha waya. Mombasa huongezeka chumvi ya bahari, inayokula shaba. Kivishe kiungo kifuniko cha mpira, na uache waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili maji yadondokee hapo.

Fundi akikwambia ubadilishe kila kitu, mwombe kwanza ajaribu kichwa kingine kwenye dishi hilo hilo. Ni kazi ya dakika chache, na kichwa ni rahisi kuliko dishi zima.