Soko la Makola na Mashtaka ya Bei

Historia ya mji mkuu huandikwa kwa kawaida kwa majina ya magavana, mawaziri na majemadari. Soko hutajwa kwa sentensi moja, kama mahali pa kununulia samaki na mboga, kisha kalamu hurejea ikulu. Kwa mji wa Accra desturi hiyo haifai, maana mara mbili katika karne ya 20 mambo makubwa ya dola yalifungamana na bei za sokoni. Mwaka wa 1948 watu wa soko walikuwa miongoni mwa walalamikaji. Mwaka wa 1979 wao wenyewe ndio walioshtakiwa. Yafaa tuulize kwa nini mshtakiwa alibadilika, na kama hukumu aliyopewa ilikuwa ya haki.

Wenyeji wa Accra ni Waga. Katika karne ya 17 mataifa matatu ya Ulaya yalijenga ngome katika ufuo wao mmoja: Waholanzi ngome ya Crèvecoeur, Waingereza ngome ya James, na Wadeni ngome ya Christiansborg. Biashara ya dhahabu, na baadaye ya watumwa, ilipita katika milango ya ngome hizo. Wadeni waliwauzia Waingereza ngome yao mwaka wa 1850, Waholanzi nao wakaondoka mwaka wa 1868, na mwaka wa 1877 makao makuu ya koloni la Gold Coast yakahamishwa kutoka Cape Coast kuja Accra. Mji wa wavuvi na madalali ukawa pia mji wa makarani, askari na vibarua, na hao wote walihitaji kulishwa kila siku.

Waliowalisha walikuwa wanawake. Katika mitaa ya kale, kama Ussher Town na James Town, ilikuwa desturi ya Waga mume na mke kukaa nyumba mbalimbali: wanaume katika ua wao, na wanawake katika ua wao pamoja na mama, dada na binti zao. Mume alirudi na samaki kutoka baharini. Mke aliwakausha kwa moshi na kuwauza. Binti alijifunza biashara kwa kukaa ubavuni pa mama yake, pengine akiuza kenkey, yaani donge la unga wa mahindi uliochachushwa, likachemshwa ndani ya maganda ya mahindi. Hivyo mtaji, wateja na maarifa vilirithiwa kwa upande wa kike. Serikali ya kikoloni ilipofungua soko la Makola mwaka wa 1924, haikuanzisha biashara; iliijengea kuta biashara iliyokuwapo, na kwa kufanya hivyo ikapata mahali pa kutozea ushuru.

Mgeni aliyeingia Makola aliona msongamano na makelele, lakini chini ya makelele hayo ulikuwapo utaratibu. Wauza nyanya walikaa pamoja, wauza vitambaa vivyo hivyo, na kila bidhaa ilikuwa na mkubwa wake, mwanamke aliyeheshimiwa ambaye Waakan humwita ohemma, yaani malkia. Kazi yake ilikuwa kuamua ugomvi na kusimamia mapatano na watu walioleta mazao kutoka bara. Nafaka ilipimwa kwa kopo liitwalo olonka, kama watu wa pwani yetu walivyopima kwa pishi na kibaba. Akiba iliwekwa kwa njia ya susu: mkusanyaji alipita kila siku kupokea kiasi kile kile, na mwisho wa mwezi alirudisha fedha zote ila za siku moja, zilizokuwa ujira wake. Susu hii ina udugu na upatu, lakini si upatu, kwa kuwa hapa hakuna zamu. Kila mtu hupokea chake. Hata magari ya abiria, trotro, yalipata jina lake kutokana na nauli ya peni tatu, kama matatu ya Kenya ilivyopewa jina kwa sarafu tatu za nauli.

Zaidi ya hayo yote ulikuwapo mkopo. Kampuni ya jumla ilimkopesha mwanamke mkubwa majora ya vitambaa. Yeye alimkopesha mchuuzi. Mchuuzi akamkopesha mke wa karani hadi siku ya mshahara. Madeni mengi ya namna hii hayakuandikwa popote. Yalikaa katika kumbukumbu, na dhamana yake ilikuwa sifa ya mtu. Kwa hiyo thamani ya soko haikuwa katika bidhaa zake peke yake, bali pia katika maelfu ya ahadi baina ya watu waliojuana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bidhaa za Ulaya zilikuwa haba na ghali. Makampuni makubwa ya kigeni, yaliyokuwa na umoja wao, ndiyo yaliyoingiza sehemu kubwa ya bidhaa hizo. Mchuuzi mara nyingine alilazimishwa kununua kitu asichokitaka ili auziwe kile alichokitaka. Tarehe 26 Januari 1948 Nii Kwabena Bonne, chifu wa Kiga, alianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za wageni. Mgomo ulishika, kwani ulikuwa na nguvu ambayo soko lilikuwa nayo tangu zamani: watu wengi kutenda pamoja bila amri ya maandishi. Ulikomeshwa kwa mapatano mwezi wa Februari, na bei zilitazamiwa kushuka tarehe 28. Siku hiyo hiyo askari wastaafu walioandamana kwenda kwa Gavana walipigwa risasi, na watatu wakafa. Watu waliokwisha kuona kwamba bei hazikushuka kama walivyotumaini walipopata habari hiyo, ghadhabu mbili zikaungana. Maduka ya makampuni yalichomwa moto na kuporwa. Miaka tisa baadaye, tarehe 6 Machi 1957, Ghana ilipata uhuru.

Katika miaka ya 1970 bei zilipanda tena, lakini mshtakiwa wa mwaka 1948 hakuonekana tena kizimbani. Mavuno ya kakao, yaliyozidi tani 500,000 katika msimu wa 1964/65, yalikuwa yamepungua hata kufikia karibu nusu. Serikali ya Jenerali Acheampong, iliyotwaa madaraka mwaka wa 1972, ilichapisha fedha nyingi na kuipa sedi thamani rasmi isiyolingana na thamani yake ya kweli. Mwaka wa 1977 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 100. Bei za vitu vya lazima ziliwekwa kwa amri, na vibali vya kuingiza bidhaa vilitolewa kwa upendeleo. Mwenye kibali aliweza kutajirika bila kugusa bidhaa. Watu walipata neno la kuita ulanguzi huo wote, kalabule. Lakini mwenye kibali hakuonekana hadharani, na mwanamke aliyekaa nyuma ya meza yake Makola alionekana kila siku. Yeye ndiye aliyetamka bei, na kinywa kinachotamka habari mbaya hudhaniwa kuwa ndicho kilichoizua.

Tarehe 4 Juni 1979 askari wadogo chini ya Jerry Rawlings walitwaa serikali. Wakuu watatu wa zamani wa nchi walipigwa risasi mwezi huo. Wachuuzi walipokonywa bidhaa na kulazimishwa kuuza kwa bei ya serikali, na wanawake walichapwa viboko hadharani. Tarehe 18 Agosti askari walilibomoa soko la Makola namba moja, lililokuwa limesimama kwa miaka 55. Kiwanja chake kikawa baadaye maegesho ya magari, na watu wakakiita kwa jina la Rawlings.

Haki inatutaka tuseme kwamba hasira ya askari haikuwa ya bure. Njaa ilikuwa ya kweli, na walikuwapo wafanyabiashara walioficha bidhaa. Lakini mashtaka hayo hayawezi kueleza kupanda kwa bei. Muuza nyanya hakuchapisha noti, wala hakupunguza kakao, wala hakutoa kibali. Bomoabomoa haikuongeza gunia hata moja la mahindi. Kinyume chake, iliharibu mitaji iliyokusanywa kwa vizazi, na ikamtia woga mkulima na mwenye lori, ambao hawakuona faida ya kupeleka chakula mjini kiuzwe kwa hasara. Mwaka wa 1983, chini ya Rawlings yule yule aliyekuwa amerudi madarakani, ukame, moto wa misitu na kurudi kwa Waghana wengi waliofukuzwa Nigeria vililetea nchi njaa kubwa. Wala hapakuwa tena na Makola ya zamani ya kulaumiwa.

Hata hivyo wanawake hawakuondoka Accra. Walitandaza bidhaa zao kando ya barabara na katika masoko mengine ya jirani, na jina la Makola likaendelea kuwa jina la kitovu cha biashara ya mji. Jambo hili halishangazi kwa mwenye kufahamu soko lilikuwa nini. Kuta zilijengwa na serikali, na serikali ilizibomoa. Bali ahadi baina ya mkopeshaji na mkopaji, na maarifa ya mama kwa binti, hazikuwa mali ya serikali. Mwanahistoria anayetaka kujua hali ya utawala wowote katika mji huo hana budi kusoma hotuba na sheria, kisha aende akaulize bei ya olonka moja ya mahindi, na aulize pia ni nani anayelaumiwa kwa bei hiyo.