Mlo wa Kuvu Ulivyozaa Vimeng'enya vya Viwandani

Jinzi za mitumba kutoka soko la Gikomba, Nairobi, zinazoanikwa kwenye kamba za mtaa wa Mbotela, mapaja yakiwa yamepauka, aghalabu hazikupaushwa na jua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vya nguo vimekuwa vikifua jinzi mpya kwa kimeng'enya kinachomega nyuzi za pamba, badala ya kuzisugua kwa mawe. Kimeng'enya hicho hutoka kwa kuvu, na kukipata kumetegemea kuvu imelishwa nini.

Zamani kazi ya vimeng'enya ilikuwa ya kimea. Wapika busaa wa Eastlands wanaijua: unga wa mahindi uliochachuka hukaangwa kwenye bati, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi. Wimbi likichipuka hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga uwe sukari, ndipo pombe ipatikane.

Mjapani Jokichi Takamine alitaka kukiondoa kimea katika wiski ya Marekani. Alichukua kuvu ya koji, ambayo kwao hukuzwa juu ya mchele kutengeneza sake, akaikuza kwenye pumba za ngano. Pumba zilikuwa za bei rahisi. Wanga wake uliichochea kuvu, na protini yake ikaipa naitrojeni. Wiski haikumfikisha mbali, lakini mwaka 1894 alipata hataza, na kampuni ya Parke-Davis ikauza kimeng'enya chake kama dawa ya tumbo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vifaa vya pamba vya jeshi la Marekani vilikuwa vikiliwa na kuvu katika visiwa vya Pasifiki. Kuvu moja ya Visiwa vya Solomon ilihifadhiwa maabara. Watafiti Mary Mandels na Elwyn Reese waliijaribu kwa vyakula tofauti, wakachapisha matokeo mwaka 1957. Ikipewa glukosi, ilistawi lakini ikabana kimeng'enya cha kumega pamba. Sukari i tayari, ya nini kuhangaika na pamba? Ikipewa selulosi, dutu inayounda nyuzi za pamba, ilikimwaga. Mwaka 1977 iliitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya Reese.

Selulosi haiyeyuki, hivyo inasumbua ndani ya tangi. Laktosi, sukari ya maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, huyeyuka na bado huichochea kuvu hiyo.

Ng'ambo ya reli kutoka Mbotela, katika Eneo la Viwandani, vinu vya ngano hutoa pumba zinazoishia kwa ng'ombe na nguruwe. Mlo wa Takamine basi upo. Kigumu ni kuutunza: kuvu ikikua hutoa joto, na pumba zisipopozwa na kupewa hewa, hujiua yenyewe kabla ya kutoa cha kuuzwa.