UZI: Kenya na Uganda zikiungana, nani atabeba hasara?

1/ Kila msimu wa siasa swali hili hurudi: "Si tuungane tu na Uganda tuwe nchi moja?" Nimelisikia kwenye matatu ya Kitale–Bungoma, nimeliona hapa pia, na mara nyingi jibu huwa kelele. Sitaji mtu wala chama. Twende na historia, pole pole.

2/ Wengi hawajui kwamba huku kwetu tulikuwa Uganda. Hadi 1902, Bungoma na Kitale za leo zilihesabiwa upande wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakasogeza mpaka, na reli iliyokuwa imefika Kisumu 1901 ikawa chini ya utawala mmoja. Wananchi hawakuulizwa. Wabukusu wakabaki huku, ndugu zao Wagisu kule Mbale. Wasabaot huku, Wasebei kule Kapchorwa.

3/ Tukajaribu kurudiana. Tarehe 5 Juni 1963, viongozi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitangaza Nairobi kwamba wataunda shirikisho kabla ya mwaka kuisha. Mwaka uliisha bila shirikisho. Uganda ilitaka kujua: mambo ya nje yatashikwa na nani? Nani ataruhusiwa kukopa? Tanganyika nayo ikaungana na Zanzibar 26 Aprili 1964, na mpaka leo wanabishana ni mambo gani yawe ya Muungano na yapi yasiwe.

4/ Sasa pesa. Wakati huo tulikuwa na shilingi moja, forodha moja, reli moja, hata posta moja. Shida ni kwamba viwanda vingi vilikuwa Kenya. Mapatano ya Kampala ya 1964, yaliyorekebishwa Mbale 1965, yalitaka viwanda vigawanywe. Kenya haikuyaidhinisha. 1966 kila nchi ikaanza kutoa shilingi yake. Jumuiya ya 1967 ilivunjika 1977. Na mwaka mmoja kabla, mtawala wa kijeshi wa Uganda alikuwa ameitoa ile ramani ya zamani na kudai ardhi ya magharibi ya Kenya.

5/ Jumuiya ilifufuliwa: mkataba 1999, umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010. Lakini Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, halafu ikayaruhusu kwa masharti. Yaani hata kwenye soko la pamoja, kila serikali bado ina mkono kwenye geti.

6/ Nyumbani kwetu mjadala huu uko mezani kabisa. Nyanya analima mahindi Kitale, na mahindi ndiyo yalilipa karo yangu. Shangazi anauza nafaka soko la Chwele, Bungoma. Mahindi ya Uganda yakivuka Suam ama Lwakhakha, nyanya ananuna kwa sababu bei ya gunia imeshuka. Shangazi anashukuru, wateja wake wanapata gorogoro kwa bei nafuu. Na ukiwasikiliza, wote wawili wana haki.

7/ Nchi ikiwa moja, geti linaondoka kabisa. Shangazi atapumua: hakuna kungoja mpakani, hakuna njia za panya. Nyanya atashindana na mkulima wa Kapchorwa kila msimu, na hakuna serikali itakayomfungia mpaka. Tena hazina moja maana yake deni moja: utalipa mkopo ambao hukuchagua aliyeukopa.

8/ Msimamo wangu? Mimi naunga mkono muungano, lakini si wa tamko la siku moja. Jaribio la 1963 lilikwama kwenye mamlaka, na baadaye tukakwama kwenye mgao. Kwa hivyo akija mtu jukwaani kukuambia "tuungane", usimpigie makofi bado. Muulize: nani atapoteza, na fidia yake imeandikwa wapi? Akijibu, twende kwenye kura, pande zote mbili. 1902 hatukuulizwa. Safari hii lazima tuulizwe.

Watu wa Malaba na Busia, huko mnasemaje? Na mkulima wa Trans Nzoia, wewe ungetaka upewe nini kwanza?