Nani asimame katikati? Historia ya kuunga tela kwenye gari

Hebu fikiria una pikapu, na nyuma yake kuna karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Wamarekani huivuta wakienda likizo. Uzito wake tani tatu. Nyuma ya pikapu yako kuna tufe la chuma lenye kipenyo cha inchi 2, karibu sawa na yai la kuku. Mbele ya karavani kuna mkono wa chuma, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kikombe kilichofunikwa kifudifudi. Kazi yako ni kurudi nyuma mpaka tufe likae chini ya kikombe, halafu ushuke, uteremshe kikombe kwa jeki. Ukikosea kwa upana wa vidole viwili tu, hakuna kilichofanyika, unarudi kwenye usukani kuanza upya. Na ukiwa kwenye usukani, tufe lenyewe hulioni.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni kumsimamisha mtu nyuma akuelekeze. "Njoo, njoo, kata kulia, njoo... hapo hapo!" Sasa jiulize mtu huyo amesimama wapi. Yuko kati ya gari linalorudi nyuma na tani tatu za chuma. Ukiniuliza mimi, historia nzima ya kurahisisha uungaji wa tela ni historia ya kumtoa mtu huyo pale katikati, na haikuanzia barabarani. Ilianzia relini.

Treni za mizigo za Marekani katika karne ya 19 ziliunganishwa kwa pete na pini. Kila behewa lilikuwa na mdomo wa chuma wenye tundu. Mfanyakazi alisimama kati ya mabehewa mawili, behewa moja likija taratibu (au si taratibu), akashika pete ndefu ya chuma kwa mkono, akailenga iingie mdomoni, akachomoa mkono haraka, akadondosha pini. Akichelewa nusu sekunde, kidole kimekwenda. Inasemekana ungeweza kumtambua mzoefu wa kazi ile kwa kuhesabu vidole vyake. Katika mwaka ulioishia Juni 1893 peke yake, wafanyakazi 433 walikufa na wengine 11,277 waliumia kwa kazi hii moja ya kuunga na kuachanisha mabehewa. Soma tena namba hizo. Hapo hatujahesabu ajali za treni kugongana wala watu walioanguka kutoka juu ya mabehewa.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwepo tayari miaka 20 nyuma. Mwaka 1873 Eli Janney, mtu aliyekuwa karani wa duka kule Alexandria, Virginia, alipata hataza ya kiungio kinachojifunga chenyewe. Unaweza kukitengeneza sasa hivi hapo ulipokaa: kunja vidole vya mkono wa kulia kama ndoano, fanya hivyo na mkono wa kushoto, kisha visukume vipishane na kushikana. Basi. "Mikono" miwili ya chuma inagongana, inajifunga, na wa kuifungua anavuta wenzo akiwa pembeni ya behewa, si katikati.

Kwa nini basi watu waliendelea kukatwa vidole? Sababu mojawapo ni gharama, hilo halishangazi. Nyingine inavutia zaidi. Kufikia miaka ya 1880 kulikuwa na maelfu ya hataza za viungio, na kila kampuni ya reli ilikuwa na kipenzi chake. Kiungio hakifanyi kazi peke yake, lazima kikutane na mwenzake. Ukiwa na kiungio bora kuliko vyote duniani na behewa la jirani lina cha aina nyingine, umerudi kwenye pete na pini.

Rais Benjamin Harrison alitia saini sheria tarehe 2 Machi 1893, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani: mabehewa yaunganike yenyewe kwa kugongana, na yaachane bila mtu kuingia katikati. Kampuni zikapewa muda, kisha zikaongezewa muda, mpaka ukomo ukawekwa tarehe 1 Agosti 1900. Siku nne baada ya ukomo huo, kule Promontory, Utah, mfanyakazi wa breki aitwaye Johnson aliambiwa aunge injini na behewa la chakula. Injini ilikuwa na kiungio cha Janney. Behewa lilikuwa na ndoano ya aina ya Miller. Vyote viwili vilikuwa vya kujifunga. Ila havikuwa vya kufungana. Vilipokataa kushikana, Johnson akaingia katikati kuunganisha kwa mkono, na mkono ukasagwa, ikabidi ukatwe.

Kampuni ya reli ikajitetea mahakamani: sheria inasema kiwepo kiungio kinachojifunga, na hapa vilikuwepo viwili! Na kwanza injini si behewa. Usicheke, utetezi huo ulishinda mahakama mbili za chini. Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo iliyoukataa mwaka 1904, ikasema lengo la sheria ni kumtoa mtu katikati, kwa hiyo viungio lazima vishikane kimoja kwa kingine. Mimi nasoma uhandisi, si sheria, lakini hukumu ile naiona kama somo la uhandisi kuliko mengi ninayoyasoma darasani. (Ulaya, kwa taarifa yako, mabehewa mengi ya mizigo bado yanaungwa kwa mkono hadi leo. Mazungumzo ya kubadilisha yanaendelea.)

Sasa turudi barabarani. Mwaka 1914 huko Detroit, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederic Sibley alitaka kuvuta boti yake kwa gari aina ya Ford Model T. Akaenda kwa mhunzi, August Fruehauf, ambaye alimtengenezea tela lisilo na magurudumu ya mbele. Upande wa mbele ulilalia nyuma ya gari lenyewe. Boti ikafika, na Sibley akaona mbona hiki kinaweza kubeba mbao pia. Hatimaye mhunzi akawa mwenye kampuni kubwa ya matela.

Miaka hiyo hiyo, Charles Martin wa Massachusetts alitengeneza sahani ya kubebea mbele ya tela, sahani inayoweza kuinama mbele na nyuma barabara inapopanda na kushuka. Kwa Kiingereza iliitwa gurudumu la tano, na jina linachanganya kwa sababu hakuna gurudumu lolote pale. Limerithiwa kutoka kwenye magari ya farasi: juu ya ekseli ya mbele palikuwa na duara la chuma lililolala, lililowezesha ekseli kugeuka. Magurudumu manne chini, la tano limelala juu.

Angalia sahani hiyo kwenye lori lolote la leo. Nyuma ina mwanya mpana wenye umbo la V, na chini ya tela kuna pini nene inayoning'inia. Dereva anarudi nyuma, pini inaingia kwenye V, V inaibana kuelekea katikati, na mwisho wa mwanya taya za chuma zinaifunga kwa mlio. Uzuri wa jambo lote uko kwenye V hiyo. Dereva akipotoka kidogo kushoto au kulia, umbo la chuma linasahihisha kosa lake. Ni faneli tu, kama ile unayomiminia mafuta ya taa kwenye chupa. Na pini ina kipenyo cha kawaida cha inchi 2, kwa hiyo kichwa cha lori kilichotoka Sweden kinavuta tela lililotengenezwa China kutoka Mombasa hadi Kampala bila mtu kuuliza swali. Johnson angeelewa thamani ya hilo.

Waingereza walikwenda mbali zaidi miaka ya 1930. Kampuni za reli zilitaka kuacha farasi waliosambaza mizigo mjini, lakini farasi alikuwa na sifa moja ambayo lori halikuwa nayo: unamfungua kwenye mkokoteni mmoja unaopakiwa na kumfunga kwenye mwingine uliojaa. Scammell wakatoa "farasi wa mashine", kigari cha magurudumu matatu. Kikirudi nyuma kwenye tela, kinaunga chenyewe, na miguu ya tela inajikunja yenyewe. Kuachana, dereva anavuta wenzo akiwa kwenye kiti. Hashuki kabisa.

Basi utauliza: kama malori yalishapata faneli, kwa nini mwenye karavani bado anahangaika na tufe?

Glenn Curtiss, yule mwanzilishi wa ndege, alijaribu kumsaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Florida, alikuwa akitengeneza karavani nyepesi ziitwazo Aerocar. Kiungio chake kilikuwa gurudumu la ndege, na tairi lake lenye upepo, likiwa limelazwa nyuma ndani ya gari. Shingo ya karavani iliingia katikati ya gurudumu hilo, na upepo wa tairi ukameza mitikisiko. Wazo zuri sana. Lakini lilikula nafasi ya nyuma ya gari, na magari yale yalikuwa ya wenye nazo. Tufe lenyewe ni rahisi, jepesi, unalifunga nyuma ya karibu gari lolote, na ukilifungua gari linabaki gari la kwenda sokoni. Linageuka pande zote bila shida. Likashinda. Na kwa kushinda kwake, faneli ikapotea: kikombe kinashuka kutoka juu, wima, hakuna umbo linalosahihisha kosa. Hapa naona madereva wa likizo walipewa kazi ngumu kuliko madereva wa malori, tena wao huifanya mara chache kwa mwaka.

Kwa hiyo watu wakaanza kujitengenezea faneli zao. Kuna sahani za chuma zenye umbo la V za kusimamisha nyuma ya tufe, mkono wa karavani unaligusa na kuteleza mpaka mahali pake. Kuna fimbo mbili zenye sumaku, moja juu ya tufe na nyingine juu ya kikombe, unarudi nyuma mpaka zigusane. Rahisi, na zinafanya kazi.

Mabadiliko makubwa yakatoka sehemu nyingine kabisa. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria baada ya watoto wadogo kugongwa na magari yaliyokuwa yakirudi nyuma, mara nyingi yakiendeshwa na wazazi wao wenyewe kwenye uwanja wa nyumba. Kutokana nayo, tangu Mei 2018 kila gari jipya la chini ya pauni 10,000 huko, yaani kama kilo 4,500, lazima liwe na kamera ya nyuma. Mwenye karavani hakuwa kwenye mawazo ya mtu yeyote. Lakini ghafla, kwa mara ya kwanza, aliweza kuliona tufe akiwa kwenye usukani. Watengenezaji wakaongeza mstari kwenye skrini unaoonyesha tufe litaelekea wapi. Siku hizi Ford ana pikapu ambazo unashikilia kitufe, na gari lenyewe linalitafuta tela, linashika usukani na breki, na kusimama chini ya kikombe.

Hata hivyo bado unashuka. Unateremsha jeki, unafunga kilemba cha kikombe, unachomeka waya wa taa, halafu unainua jeki kidogo tena: nyuma ya pikapu ikinyanyuka pamoja na mkono, tufe limeshikwa kweli, mkono ukinyanyuka peke yake, kikombe kilikuwa kimekaa juu juu tu. Mwisho ni minyororo miwili, ambayo hupishanishwa kama herufi X chini ya mkono. Siku kikombe kikichomoka njiani, mkono unaangukia kwenye X hiyo badala ya kuchimba lami.